Kompyuta ya gemu: uiunde mwenyewe au ununue iliyokwisha fungwa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi tena na tena kutoka kwa watu wa Dar, Mombasa, Nairobi na miji mingine wanaotaka kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu. Yameanzia ya msingi, ya wachache yako mwishoni. Jambo likiwa limeshaelezwa mahali, utaelekezwa huko.

## Kabla hujatoa pesa

Kwa kifupi: niunde au ninunue?

Kama bajeti inatosha mashine mpya, unda, au lipe duka likuundie kwa orodha yako. Kama bajeti ni ndogo, nunua kompyuta ya ofisi ya mtumba uiongezee kadi ya grafiki (kipande kinachochora picha za gemu). Mashine mpya ya chapa kubwa ije mwisho, na pale tu unapojua duka la mjini kwako linaloihudumia.

Kinachotenganisha njia hizi si bei peke yake. Jiulize: siku ikigoma kuwaka, nani ataifungua, na kipande kilichokufa kitapatikana wapi? Waranti ya mashine iliyonunuliwa nje mara nyingi ina maana ya kuirudisha ilikotoka kwa nauli yako. Iliyoundwa kwa vipande vya kawaida inafunguliwa na fundi yeyote aliyeshika bisibisi, na kila kipande kina mwenzake dukani.

Si wanasema kuunda ni bei nafuu siku zote?

Wanasema, lakini si siku zote. Mwaka 2021 kadi za grafiki zilikuwa adimu, wachimba sarafu za kidijitali wakizigombania na wacheza gemu, na mashine nzima ya dukani ikawa nafuu kuliko vipande vyake. Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, ilipoacha uchimbaji wa kadi, tarehe 15 Septemba 2022, mambo yakageuka na soko likajaa kadi za mtumba. Mwishoni mwa 2025 ikaja zamu ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta): viwanda vya chipu vinahudumia kwanza vituo vya data vya akili bandia, bei zikapaa, na Desemba mwaka huo Micron ikatangaza kuacha kuuza RAM na SSD (diski za kuhifadhi mafaili) za chapa ya Crucial kwa watu wa kawaida. Wakati kama huo, duka lenye mashine zilizofungwa kabla bei hazijapanda linaweza kukuuzia kwa bei ambayo huwezi kuifikia kwa vipande.

Kwa hiyo linganisha bei za wiki hii, usitegemee za video ya mwaka juzi. Na ulinganishe vinavyolingana: mashine ya dukani yenye pawa saplai (kisanduku kinacholisha vipande umeme) isiyo na jina si sawa na orodha yako yenye pawa saplai nzuri, hata kama prosesa (ubongo wa mashine) na kadi ni zilezile.

Sijawahi kufungua kompyuta hata siku moja. Nitaweza?

Utaweza. Vipande ni vinane hivi, na karibu kila plagi inaingia mahali pamoja tu na kwa upande mmoja tu. Tenga siku nzima mara ya kwanza, fanyia kazi kwenye meza ya mbao, gusa chuma cha kasha mara kwa mara ili kuondoa umeme tuli mwilini.

Makosa ya wanaoanza yanajulikana. La kwanza ni kusahau karatasi ya plastiki chini ya kipozeo cha prosesa. Mashine inawaka, halafu joto linapanda hadi inajizima. La pili ni RAM kutoingia hadi mwisho: bonyeza mpaka usikie klipu ikilia. Ukiwa na vijiti viwili kwenye mazabodi (bodi kuu inayobeba vipande vyote) yenye sloti nne, viweke ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. La tatu ni kuchomeka kebo ya kioo (skrini) kwenye mazabodi badala ya kwenye kadi. Na ile skrubu ndogo kama punje ya mchele inayoshika SSD ya M.2 (ile bapa inayolala juu ya mazabodi), itoe mapema uiweke kwenye kisosi, maana ikianguka zuliani ndiyo basi.

Cha kuogopa kweli ni sehemu ya prosesa. Kwenye AM5 (soketi mpya ya prosesa za AMD) na Intel pini ziko kwenye soketi ya mazabodi, nyembamba kama nywele, na kidole kimoja kikizigusa zinapinda. Prosesa iachie ikae yenyewe, usiisukume.

Naweza kununua vipande kidogo kidogo kila mshahara?

Wengi huku hufanya hivyo, na kwa wengine ndiyo sababu hasa ya kuunda. Shida ni moja: muda wa kurudisha bidhaa unaanza siku ya risiti, si siku unayowasha. Mazabodi iliyokaa kabatini miezi minne ikionekana mbovu siku ya kuunga, muuzaji hatakusikiliza.

Njia bora ni kuanza na mashine inayowaka. Nunua kwa mkupuo prosesa yenye grafiki za ndani, mfano Ryzen 5 5600G ya AMD kwa AM4 (soketi iliyotangulia AM5) au 8600G kwa AM5, pamoja na mazabodi, RAM, SSD, kasha na pawa saplai. Itacheza Valorant, Dota 2 na gemu nyepesi huku ukiweka akiba ya kadi. Hapo RAM iwe ya vijiti viwili, kwa sababu grafiki za ndani zinatumia RAM hiyohiyo, na kijiti kimoja kinazinyima kasi waziwazi. Pawa saplai nunua moja kwa moja ile itakayobeba kadi ya kesho.

Kwa nini nisinunue laptop au PlayStation?

Kama unasafiri au unahamahama mabwenini, laptop. Kama kazi ni gemu tu na televisheni unayo, PlayStation haina maswali mengi. Kompyuta ya mezani inashinda kwa anayetaka pia kuhariri video, kusoma na kubadili kipande kimoja baada ya miaka mitatu bila kuuza vyote.

## Ukiamua kununua

Tangazo linasema "mashine ya gemu, i7, RAM 16, SSD 512". Ni nzuri?

Tangazo hilo halijasema kitu. Core i7-2600, prosesa ya Intel ya mwaka 2011, ni i7, na i7-14700 ya 2024 ni i7. Omba jina kamili la prosesa na namba zake, jina kamili la kadi na GB zake, RAM ni vijiti vingapi, na picha ya lebo ya pawa saplai. Muuzaji mkweli atakutumia kwa dakika tano. Anayejibu "ni original boss, inapiga gemu zote" amekwisha kukujibu.

Taa za rangi ni za bei rahisi na hufanya kazi nzuri ya kuficha. Maduka hupenda kupunguza pale ambapo jicho la mnunuzi halifiki: pawa saplai, kijiti kimoja cha RAM, mazabodi ya chini kabisa isiyo na chuma cha kupoza umeme wa prosesa.

Kabla ya kulipa, ichezeshe gemu dakika 20 hapohapo dukani, ukisikiliza feni na kuangalia joto. Akikataa, ondoka.

Mashine mpya za gemu za Dell na HP zina ubaya gani?

Zinafanya kazi vizuri zikiwa nzima. Tatizo ni ukarabati. Baadhi ya modeli zina mazabodi, pawa saplai na hata kasha vya umbo la kampuni yenyewe, kwa hiyo pawa saplai ya kawaida ya dukani haiingii, na mazabodi mpya haipati pa kukaa. Kabla ya kununua, tafuta picha za ndani za modeli hiyo. Ukiona kebo pana ya pini 24 ikiingia kwenye mazabodi, ni dalili nzuri.

Bajeti yangu ni ndogo sana. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kompyuta za ofisi zinazoingia kutoka Ulaya kwa makontena: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Zimejengwa imara, bei yake hakuna mpya ya kuifikia, na ukiongeza kadi unacheza. Zina masharti yake, na hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela.

Kwanza, umbo. Ile ndogo ya kushika mkono mmoja usiiguse kwa kazi hii. Haina sloti ya kadi kubwa. Ile nyembamba ya kulala inakubali kadi fupi za nusu kimo tu, ambazo ni chache na bei imechangamka. Tafuta mnara.

Pili, umeme. Pawa saplai zake ni za watt 200 hadi 300 hivi, na kwa kawaida hazina kebo ya kulisha kadi. Sloti yenyewe hutoa watt 75. Kwa hiyo chagua kadi inayoishi ndani ya hizo: GTX 1050 Ti, GTX 1650 isiyo na plagi ya ziada, au RTX 3050 ya 6GB iliyotoka 2024 na inayotumia watt 70. Mtu atakwambia kuna waya wa kugeuza plagi za SATA ziwe plagi ya kadi. Upo, na umeunguza mashine za watu.

Tatu, kizazi. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka rasmi Intel kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). OptiPlex 3060, 5060 na 7060 ndizo za kizazi cha 8. OptiPlex zenye namba 3050, 5050 na 7050 zimebaki nyuma kwa hatua moja tu, ndiyo maana bei yake inakuvuta. Kwa gemu jambo hili si la karatasi tu: ndani ya Windows 11, Valorant inakataa kuwaka bila TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa mashine inapowaka), na Battlefield 6 nayo inadai Secure Boot.

OptiPlex 7060 ya mnara yenye i5-8500 na RTX 3050 6GB ni mashine ya heshima kwa 1080p (kioo cha Full HD). Usitegemee kuikuza zaidi ya hapo, maana utagonga ukuta uleule wa mashine za chapa ulioelezwa juu.

Niagize Dubai, Marekani au China?

Dubai ndiyo soko la karibu, na wafanyabiashara wetu wameshalizoea. Maduka ya kompyuta ya Bur Dubai, eneo la barabara ya Khalid bin Al Waleed, yamejaa vipande vipya. Prosesa, RAM na SSD zinasafiri vizuri, ni ndogo na haziharibiki ovyo. Kasha na kioo nunua nyumbani, usafiri wake unakula faida yote.

Marekani ina bei nzuri, ila umeme wao ni volti 120. Mashine nyingi zina pawa saplai ya volti 100 hadi 240, lakini zipo za dukani kule zilizoandikwa 115 pekee. Omba picha ya lebo kabla ya kusafirisha.

Kuhusu forodha, ushuru wa kompyuta katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 0, na watu wakisikia hivyo hudhani hakuna cha kulipa. VAT ipo, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, na tozo nyingine za uingizaji zinafuata. Ziweke kwenye hesabu mapema.

## Ukiamua kuunda

Pesa igawanywe vipi?

Theluthi moja hadi karibu nusu iende kwenye kadi ya grafiki. Prosesa ya viini sita (sehemu sita zinazofanya kazi kwa pamoja) inatosha gemu karibu zote za leo. Watu wanafunga i7 na kadi dhaifu kwa sababu neno i7 linapendeza masikioni. Kinyume chake ndicho kinacholeta fremu (picha nyingi kwa sekunde).

Amua kwanza kioo. Kwa 1080p ya Hz 60 hadi 144, kadi kama RX 6600 ya mtumba au RTX 4060 inatosha. Kwa 1440p, kioo chenye nukta nyingi zaidi, nenda kadi ya zaidi ya 8GB, mfano RX 9060 XT ya 16GB. Kadi hiyo ilizinduliwa 2025 kwa dola 349, na ndugu yake wa 8GB kwa 299. Dola 50 hizo ndizo pesa nzuri kuliko zote kwenye orodha, pale maduka yetu yanapoheshimu tofauti hiyo.

AM4, AM5 au Intel?

AM4 ni soketi ya tangu enzi za Ryzen za kwanza, 2017. Haina mustakabali mrefu lakini mtumba wake umejaa, na inatumia RAM ya DDR4 ambayo huenda rafiki yako anayo droo. Ryzen 5 5600 bado inafanya kazi ya kiume.

AM5 ya 2022 inataka RAM ya kizazi kipya, DDR5, tu, na AMD imesema itaihudumia hadi 2027 na zaidi. Anayenunua vyote vipya aende huko, aweze kubadili prosesa baadaye bila kugusa mazabodi.

Intel ya soketi LGA1700, kizazi cha 12 hadi 14, ina bei nzuri kwenye i3 na i5. Ila i7 na i9 za kizazi cha 13 na 14 za mtumba ziogope. Zilikuwa na kasoro ya volti. Intel ilitoa marekebisho kupitia BIOS (programu ya ndani ya mazabodi) mwaka 2024 na kuongeza waranti kwa miaka 2, lakini iliyokwisha kuumia haiponi kwa sasisho.

Pawa saplai ya bei rahisi ina ubaya gani? Si imeandikwa watt 600?

Hili ndilo swali linaloua mashine nyingi. Usisome namba kubwa ya pembeni, soma jedwali dogo la lebo, mstari wa +12V, kwa sababu prosesa na kadi zinakula hapo. Zidisha ampea kwa 12. Pawa saplai nzuri ya watt 550 huandikwa ampea 45 hivi, yaani watt 540. Zile nyepesi zinazokuja bure na kasha utakuta "600W" kubwa nyekundu, na kwenye mstari wa +12V ampea 18. Hizo ni watt 216.

Nyingi za aina hiyo zina pia swichi nyekundu ndogo nyuma, 115 na 230. Ikiwa imeachwa kwenye 115, nawe ukachomeka kwenye umeme wetu wa 230 au 240, utasikia mlio mmoja na moshi. Iangalie kabla ya kuchomeka. Zilizo bora hazina swichi hiyo, zinajirekebisha zenyewe.

Kwa kadi zilizotajwa juu, watt 550 hadi 650 za kampuni inayojulikana, zenye alama ya 80 Plus Bronze (ya kutumia umeme bila kuupoteza sana) kwenda juu, zinatosha. Mtumba kwenye kila kitu sawa, hapa nunua mpya.

Umeme wetu unakatika na kurudi kwa kishindo. Nifanyeje?

UPS (betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika) ya VA 650 mara nyingi haizidi watt 400, na kazi yake ni kukupa dakika chache za kuzima kwa adabu, si kumalizia mechi. Jumlisha watt za mashine na kioo kabla ya kununua. Pawa saplai nyingine hazielewani na UPS za bei ya chini na hujizima umeme unapohamia betri; ijaribu kwa kuchomoa plagi ukiwa bado ndani ya siku za kurudisha.

Bila pesa ya UPS, tafuta kifaa cha ukutani kinachosubiri dakika kadhaa umeme ukirudi kabla ya kuruhusu mashine iwake. Kile cha friji ni hichohicho.

Kadi ya mtumba iliyochimba sarafu ni salama?

Mara nyingi ndiyo. Kinachochoka kwanza ni feni na pedi za joto, na vyote vinabadilishwa. Utapeli ni hatari zaidi kuliko uchimbaji. Kuna kadi za zamani zilizoandikwa upya zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z huzikamata na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Kuna pia RX 580 2048SP, ambayo si bandia, ila kwa uwezo ni RX 570 yenye jina la kaka yake. Isome kwenye GPU-Z ukiwa kwa muuzaji.

Fundi akiniundia, nitajuaje hajabadilisha vipande?

Kaa naye. Kazi ni ya saa chache. Ukishindwa kukaa, piga picha namba za mfululizo za kadi, mazabodi, SSD na RAM kabla, kisha dai maboksi yote tupu pamoja na mashine, ambayo utayahitaji kwa waranti na siku ya kuuza. Mpatie gharama yake vizuri. Fundi asiyelipwa kazi hutafuta faida yake kwenye vipande.

## Ya wachache

Nimeiunga, feni zinazunguka, kioo cheusi. Nimeua kitu?

Pengine hujaua. Kwenye DDR5 washa kisha subiri dakika kadhaa. Mara ya kwanza mazabodi inazijifunza RAM na kioo hukaa kimya. Baada ya hapo angalia taa ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, inayobaki imewaka ndiyo inayolalamika. Jaribu kijiti kimoja cha RAM, halafu hakikisha plagi ya pini nane ya juu kushoto, ile ya prosesa, imeingia. Nusu ya kesi zinaishia hapo.

Mazabodi za Xeon (prosesa za Intel za seva) kutoka China, viini 12 kwa bei ya kutupa. Nichukue?

Kwa gemu, hapana. Xeon E5-2670 v3 ni ya 2014 na kasi yake ya juu ni GHz 3.1; i3-12100 yenye viini vinne huipita kwenye gemu nyingi. Kwa anayechakata video usiku kucha ina maana kidogo.

Leseni ya Windows je?

Mtumba wa ofisi kwa kawaida huja nayo, imefungwa kwenye mazabodi, nayo ikifa inakwenda nayo. Ukiunda, iweke kwenye hesabu. Linux inaendesha gemu nyingi za Steam (duka la gemu la mtandaoni), ila Valorant haimo.

Nasafirisha mashine kwa basi, Dar hadi Mwanza. Ifungweje?

Toa kadi ya grafiki, na kipozeo kama ni kile kirefu cha mnara. Vikiachwa ndani, mashimo ya barabarani huning'iniza uzito wote kwenye sloti na kuing'oa. Laza kasha upande wa mazabodi chini, jaza nafasi ya ndani kwa sponji isiyoacha vumbi, na usisahau kuitoa kabla ya kuwasha. Kadi ibebe kwenye begi lako la mkononi.